Chagua kiwanja, si kambi: siku sita na gari-nyumba kutoka Phoenix hadi Page

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu aliyeshika usukani, na Mama, ambaye alikuja na masharti mawili tu. Alale usingizi, na goti lake lisiteswe na ngazi. Safari yote ilikuwa ndani ya jimbo la Arizona, Marekani. Gari tulilokodi lilikuwa RV, yaani gari-nyumba, la futi 25, au mita 7.6 hivi, lile lenye kitanda kilichojitokeza juu ya kichwa cha dereva. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, siku chache kabla ya Memorial Day, ile Jumatatu ya mwisho ya mwezi ambayo Wamarekani wengi huifanya ufunguzi wa msimu wa kupiga kambi. Kazi ya kutafuta mahali pa kulala nilipewa mimi.

Siku ya 1: Phoenix

Kijana aliyetukabidhi gari alitumia karibu saa nzima kutuonyesha vali, swichi na matangi. Nikawa naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa, na sikuelewa hata nusu. Kilichoniingia ni kwamba ubavuni kuna waya mnene wenye plagi ya ampea 30, kuna mpira mweupe wa maji ya kunywa, na kuna bomba la kukunjakunja la maji taka ambalo halitakiwi kukaa kabati moja na ule mpira mweupe. Kambi iliyokamilika inakupa vyote vitatu pale pale unapoegesha: umeme, bomba la maji na shimo la maji taka.

Kambi ya usiku huo niliichagua kwa picha. Bwawa la kuogelea, mitende, viti vya kujinyosha. Tulipofika, kama saa tisa alasiri, tukapewa namba ya kiwanja, yaani nafasi ya gari letu ndani ya kambi, nami nikaipokea bila swali lolote. Kokoto tupu, hakuna hata kichaka. Mitende ya kwenye picha ilikuwepo kweli, lakini yote ilikuwa imelizunguka bwawa.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Marekani gari hizi zina mlango upande wa kulia, na turubai la kivuli linafunguka upande huohuo. Sisi tuliegesha pua ikitazama kusini, kwa hiyo mlango na turubai vilikuwa magharibi. Kuanzia saa kumi jua liliinama likapita chini ya turubai na kutuingilia hadi ndani. Chuma cha kitasa kilikuwa hakishikiki. Mama alifungua mlango, akautazama uwanja, akaufunga. “Mwanangu, hapa tumekuja kukaushwa?”

Kiyoyozi kilinguruma mfululizo. Kisha Mama akachomeka birika la umeme, mdogo wangu akawasha maikrowevu, na kila kitu kikazimika. Hesabu yake nilikuja kuifanya baadaye, gizani: ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Kiyoyozi cha juu ya paa kinakula kama 1,500, birika 1,500, na maikrowevu elfu moja na ushee. Breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ilikuwa na haki ya kuanguka. Viwanja vya ampea 50 vinaleta nyaya mbili za volti 120, jumla wati 12,000, na watu hulipa zaidi kuvipata, lakini gari likiwa limeundwa kwa 30 kama letu, hiyo ziada huioni. Dawa yetu ilikuwa moja tu: asubiriwe anayechemsha maji.

Jirani yetu, mzee mmoja mstaafu, alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha kukunja, kivulini, anasoma. Kambi ileile, safu ileile, ila gari lake lilikuwa limetazama kaskazini, kwa hiyo turubai lake lilikuwa mashariki na gari zima lilikuwa ukuta kati yake na jua. Nikamuuliza kama ni bahati. Akacheka, akasema yeye akipiga simu kambini haulizi habari za bwawa. Anauliza pua itatazama wapi.

Usiku huo nilinunua daftari.

Siku ya 2: magharibi mwa Flagstaff

Barabara ya I-17 inapanda kutoka mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari hadi 2,100, kwa mwendo wa kilomita 230. Joto hushuka kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu moja unazopanda, kwa hiyo tulipokaribia Flagstaff tulikuwa tumezima kiyoyozi, tumefungua madirisha, na Mama ametoa sweta. Misonobari kila upande. Nikajiambia leo nimepatia: kivuli kipo, baridi ipo, umeme upo, na kuingia ni rahisi kutoka barabara kuu.

Hilo la mwisho ndilo lingenishtua mapema. Kaskazini mwa Arizona reli ilifika miaka ya 1880, barabara ya Route 66 ikazaliwa 1926 na kuifuata, kisha barabara kuu ya I-40 ikaja kuifuata Route 66. Vyote vitatu vinakwenda bega kwa bega, na kambi iliyo “rahisi kuingia” imebanwa katikati yao.

Treni ya kwanza ilipita saa tatu usiku, tukasimama kuitazama, mabehewa ya makontena yaliyopandana mawili mawili, hayaishi. Ya pili ilipita saa nne na nusu. Ya tatu sikuhesabu saa, nilihesabu honi. Sheria ya huko inamtaka dereva wa treni aanze kupiga honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika kwenye kivuko cha barabara: ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja. Miji mingine imejitafutia msamaha, na katikati ya Flagstaff honi hazipigwi. Sisi tulikuwa nje ya mji, na kivuko kilikuwa mita mia tatu kutoka kwenye mto wa Mama.

Kambi ile ina kibao kizuri getini kinachosema saa za utulivu ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kibao hicho kinawahusu wageni. Treni hazikusoma.

Alfajiri likazuka la pili. Jokofu lilikuwa vuguvugu. Jana yake kiwanja kilikuwa kimeinama upande, mdogo wangu akasema ni kidogo tu, mimi nikasema nimechoka, tukalala vichwa vikiwa juu kuliko miguu. Sasa jokofu la gari letu si kama la nyumbani. Halina mota ya kusukuma chochote. Linachemsha mchanganyiko wa amonia na maji kwa moto wa gesi au umeme, halafu kimiminika kinarudi chini chenyewe, kwa mteremko wa mabomba. Gari likilala upande, kimiminika kinatuama mahali kisipotakiwa na ubaridi unakata. Tulikuwa na vibao vya plastiki vya kusawazisha, vimefungwa vizuri kabatini, vipya kabisa.

Mdogo wangu aliweka pimamaji sakafuni, ile ndogo ya mafundi. Kiputo kilikuwa kimejibanza pembeni kabisa ya kioo, hakitaki hata kutazama katikati. Tukapandisha magurudumu mawili ya kulia juu ya vibao, kimoja, kisha viwili. Kiputo kikasogea. Kuanzia siku hiyo pimamaji ilikuwa inashuka garini kabla ya mtu.

Siku ya 3: Grand Canyon, ukingo wa kusini

Ndani ya hifadhi ya Grand Canyon, lile korongo kubwa, ukingo wa kusini, kuna chaguo mbili za watu wa RV, zimepakana. Trailer Village ina umeme, maji na shimo la taka kila kiwanja, na nafasi ndefu za kuingia mbele na kutokea mbele. Mather Campground haina kimojawapo kwenye viwanja vyake, na gari lisizidi futi 30. Ukiniuliza siku mbili kabla ningesema Trailer Village bila kufikiri. Lakini ilikuwa imejaa, na Mather nilipata nafasi kwa sababu mtu alifuta yake. Kwa kawaida viwanja vyake hufunguliwa miezi sita kabla na watu huwa wameshakaa mkao wa kula.

Safari hii nilikaa na ramani. Kambi za hifadhi zinakuonyesha kila kiwanja na namba yake, urefu wake, na kama ni cha kurudi rivasi au la. Nikachukua picha ya setilaiti nikaiweka kando. Unaona miti, unaona vyoo viko wapi, unaona barabara ya ndani inapita wapi. Nilitaka kiwanja kisicho mbele ya choo, maana mlango wa choo hupigwa usiku kucha na taa yake haizimwi. Nilitaka kisicho kwenye kona, maana kila anayetafuta kiwanja chake usiku hukumulika kwenye kona. Na nilitaka mti magharibi. Viwanja vilivyobaki vilikuwa vitatu, kimoja kilikuwa na vyote. Kambi hii ina hata sehemu ambako jenereta hairuhusiwi kabisa, na kwingineko inaruhusiwa saa chache tu za asubuhi na jioni.

Tulifika saa nane mchana, tukaegesha, pimamaji ikasema sawa mara ya kwanza. Mdogo wangu akazima injini.

Kimya. Mama alishuka taratibu, akashika mti, akakaa mezani. Kila kiwanja kina meza yake ya mbao na mahali pa kukokea moto. Jirani wa karibu alikuwa nyuma ya miti, tulimwona vipande vipande. Mama hakusema kitu kwa muda mrefu, na kwa wanaomfahamu hiyo ni sifa kubwa.

Kuishi bila waya wala bomba kuna adabu yake. Tangi la maji safi letu ni lita 150 hivi, na watu watatu wakioga kama wako nyumbani, asubuhi halipo. Tukaoga kwa kufungua, kufunga, kujisugua, kufungua. Maji ya sinki na bafu yana tangi lake, ya choo lake, na taa nne ndogo ukutani zinakuambia kila moja limefikia wapi, zikijisikia kusema ukweli. Kinachokuumbua zaidi ni betri. Usiku ulishuka karibu na nyuzi nne, kipasha joto kikawaka, na ingawa kinachoma gesi, feni yake inakula betri. Saa kumi usiku niliamka kwa sababu feni ilikuwa inazunguka kwa uchovu. Taa ya betri ilikuwa imebaki moja. Nikakizima, nikaongeza blanketi, nikarudi kulala. Mama hakuamka.

Siku ya 4: palepale

Hatukuondoka. Basi za bure za hifadhi zinakupeleka ukingoni, kwa hiyo hakuna haja ya kukunja kambi nzima kwenda kutazama korongo lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Hili nalo ni jambo la kuangalia unapochagua: RV ukishaisawazisha ndiyo nyumba, na nyumba huendi nayo dukani. Kambi yenye basi mlangoni inakuokolea asubuhi nzima. Mama aliuona ukingo akiwa ameketi, goti limenyooshwa, akarudi kabla ya joto.

Jioni walipita elki watatu kati ya magari, wale wanyama wa jamii ya kulungu ambao ukubwa wao unakaribia wa farasi. Mmoja akasimama kwenye bomba la kuchotea maji akaanza kulilamba. Watu wote wakarudi ndani kwa heshima.

Siku ya 5: Page

Kwa Page nilikuwa nimepiga simu tangu juzi. Dada aliyepokea alikuwa na haraka, mpaka nilipoanza kuuliza.

“Reli ipo karibu?”

“Huku hakuna reli.”

“Kiwanja kiko sawa au kimeinama?”

“Safu ya juu ni zege, iko sawa. Ya chini ni kokoto.”

“Ukiingia mbele na kutokea mbele, pua inatazama wapi?”

Akanyamaza. “Subiri nitazame nje.” Nikasikia mlango. Akarudi: “Kaskazini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.”

Nikamwambia aandike namba ya kiwanja kwenye jina langu. Akasema hawezi kuahidi, lakini ameandika ombi. Ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni.

Tuliondoka saa saba mchana, tukapita Desert View hadi Cameron, kisha kaskazini kwa barabara 89. Kufikia hapo tulikuwa tumesimama mara nyingi kupita tulivyopanga. Nikatazama simu: saa kumi na nusu. Bado kilomita zaidi ya sabini. Mdogo wangu akaanza kukanyaga, vyombo vikaanza kugongana makabatini, Mama akashika kiti. “Wewe, nani anakufukuza?” Nikamwambia apunguze, ofisi ikifungwa watatuachia bahasha mlangoni, ndivyo kambi nyingi zinavyofanya kwa wanaochelewa. Ila nilijua pia kwamba kwenye bahasha hubishani kuhusu pua.

Tulipoingia Page simu ikasema saa kumi na robo. Tulikuwa tumefika kabla ya muda tuliokuwa tumeshaupita! Arizona haisogezi saa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi, lakini nchi ya Wanavajo, eneo la wenyeji asilia wa Marekani, ambayo tulikuwa tumeikatiza kuanzia upande wa Cameron, inasogeza. Simu ilijirekebisha kwenda, ikajirekebisha kurudi. Na katikati ya nchi ya Wanavajo wamo Wahopi, wenyeji asilia wengine, ambao hawasogezi. Ukibuku kambi maeneo yale, uliza “saa ya nani”.

Page ni mji uliozaliwa 1957 kwa ajili ya wajenzi wa bwawa la Glen Canyon, kwa hiyo ulianza maisha kama kambi. Pale ofisini niliomba kwanza tukitazame kiwanja kwa miguu. Hawakukataa, sijui kwa nini sikuwahi kuomba kabla. Namba tuliyopewa haikuwa ile ya kwenye ombi. Zege ilikuwa sawa, pua kaskazini kweli, lakini pembeni kulikuwa na jalala kubwa la kambi nzima, na upepo ulikuwa unatoka huko. Nikarudi kuuliza kama kuna nyingine kwenye safu hiyohiyo. Ilikuwepo, viwanja vitatu mbele. Hakuna aliyeudhika.

Mdogo wangu alikuwa amenunua kifaa kidogo cha taa tatu, unakichomeka kwenye kisanduku cha umeme kabla ya waya wako: taa zikiwaka kwa mpangilio sahihi, nyaya za kisanduku hazijapishana. Zikawaka sahihi. Akazima breka, akachomeka, akawasha. Kwenye bomba la maji tukaweka geji. Sindano ikaruka hadi paundi 95 kwa inchi ya mraba, na mabomba ya ndani ya gari kama hili hupendelea 40 hadi 60. Kipunguza presha kikafungwa kwenye bomba kwanza, mpira mweupe baadaye. Jana yake ningechomeka moja kwa moja na kushangaa sinki likilia machozi.

Turubai tulilifungua saa moja tu. Upepo wa jangwani huko hauna hodi. Tulilikunja mara kamba zilipoanza kupiga, na dakika chache baadaye turubai la mtu wa safu ya chini likapinduka juu ya paa lake na mkono wake mmoja ukakunjika kama mwavuli. Tukaenda watu watano kumsaidia kulifunga kwa kamba. Lilikuwa jipya, alisema. Alirudia mara tatu kwamba lilikuwa jipya.

Jua lilipozama tulikuwa nje, upande wa mashariki, kivulini mwa gari letu wenyewe. Birika lilikuwa linachemka. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa.

Siku ya 6: kuondoka

Kazi ya asubuhi ilikuwa matangi. La choo tuliliacha limefungwa siku zote, ingawa majirani wengine huacha vali wazi kwa kuwa shimo lipo palepale. Wakifanya hivyo maji hukimbia na kigumu kinabaki kikijenga mlima. Unasubiri lijae angalau theluthi mbili, unalifungua kwanza, linashuka kwa kishindo, ndipo unafungua la sinki na bafu ili maji ya sabuni yasuuze bomba. Mdogo wangu alivaa glavu hadi kwenye viwiko. Mimi nilisimama mbali nikisoma hatua kwenye daftari, kwa sauti, upande upepo unakotoka.

Halafu tukalizunguka gari. Breka imezimwa, waya umekunjwa. Bomba la taka limefungwa kabatini kwake. Vibao havikuhitajika. Ngazi imepanda, madirisha ya paa yamefungwa, jokofu limekazwa mlango. Nikaandika kwenye daftari namba ya kiwanja, na neno “zege”, na “kaskazini”, na mshale kuonyesha jalala liko wapi.

“Tayari?” mdogo wangu akauliza.

“Tayari.”

Akawasha injini. Mama, aliyekuwa ameshafunga mkanda, akagonga kioo cha dirishani kwa pete yake, mara mbili, akielekeza kwa kidevu. Mpira mweupe ulikuwa bado umefungwa kwenye bomba.